Hazina ya Tana: Ngoma, Ushuru na Fedha za Umma

Mwaka 1902 maofisa wa Uingereza waliwanyang'anya Wapokomo wa mto Tana, Kenya, ngoma yao kuu, ngadji. Mwaka mmoja kabla, serikali hiyohiyo ilikuwa imetunga kanuni za kodi ya nyumba. Mambo haya mawili husimuliwa mbalimbali: moja huwekwa kwenye vitabu vya mila, jingine kwenye vitabu vya uchumi. Kwa watu wa Ngao na vijiji vya Tana ya chini ni historia moja, nayo ni historia ya hazina: nani aliyeiweka, nani aliyeilinda, na nani aliyeondoka na funguo.

Hazina ni neno la Kiarabu lililokaa Pwani siku nyingi mpaka likawa mwenyeji. Shina lake ni kitenzi cha kuweka kitu mahali pa salama, na kutoka shina hilo Waarabu wana makhzan, yaani ghala. Ghala hilo limesafiri mbali. Nchini Moroko likawa jina la dola yenyewe, maana aliyeshika ghala ndiye aliyeshika nchi. Wafaransa wakalichukua wakaliita duka magasin. Waingereza walipata neno lao, treasury, kwa njia nyingine, kutoka kwa Wayunani waliosema thesauros, likapita kwa Warumi na kwa Wafaransa kabla ya kuvuka bahari. Na Wayunani hawakumaanisha sarafu tu. Kule Delphi kila mji uliojiweza ulijenga nyumba ndogo ya mawe ya kuwekea sadaka na nyara zake, mbele ya mungu na mbele ya wageni. Warumi nao waliweka fedha za umma ndani ya hekalu la Saturn. Mwaka 1100, mfalme William Rufus alipouawa mawindoni, mdogo wake Henry hakungoja mazishi: alikimbilia Winchester kuishika hazina kwanza, taji likafuata.

Waswahili wana maneno yao ya kupambanua. Dafina ni mali iliyofukiwa ardhini, ambayo pengine mwenyewe alikufa nayo moyoni. Akiba ni ya mtu na nyumba yake. Amana ni ya mwingine, wewe umeshikilia tu. Beitulmali ni mfuko wa umma wa Waislamu. Hazina inachota kidogo katika yote hayo, lakini ina jambo moja la ziada: ina mlinzi, na mlinzi ana watu ambao siku yoyote wanaweza kumwuliza.

Sasa twende mtoni.

Ngao iko ukingo wa magharibi wa Tana, karibu na Tarasaa, katika eneo la Garsen. Ni nchi ya mafuriko. Mto hupanda mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na kila ukirudi kitandani huacha tope jeusi ambalo Mpokomo hulilima mpunga, mahindi na ndizi. Katika nchi ya namna hiyo utajiri haukuwa kitu cha kufungia kashani. Ulikuwa ni tope lenyewe, mbegu iliyobaki baada ya kula, mtumbwi, na maarifa ya kujua maji yatafika wapi mwaka huu. Mbegu iliwekwa juu darini, moshi wa jikoni uifikie na kuwafukuza wadudu, kama ilivyokuwa desturi ya wakulima wengi wa Pwani. Atakayeila mbegu ya mpunga kwa njaa ya leo amekula shamba la mwakani, na hilo kila mtoto alilijua.

Juu ya nyumba na ukoo walikuwako wazee. Baraza lao ni gasa, na ndani ya utawala huo wa wazee kulikuwa na watu wachache walioaminiwa mambo mazito zaidi. Hao ndio walioitunza ngadji. Ilikuwa ngoma kubwa ya mti uliochimbwa ndani na kuwambwa ngozi, na sauti yake iliwaita watu kwenye ibada na sherehe. Haikuwekwa hadharani. Ilifichwa, na watu wa kawaida waliisikia bila kuiona. Aliyeitunza alikuwa na mamlaka, na mamlaka hayo yalisimama juu ya imani ya watu kwamba kitu chao kikubwa kuliko vyote kiko mahali salama, kwa mtu anayestahili. Kama kuna kitu Tana ya chini kilichostahili kuitwa hazina kwa maana yake kamili, ni hicho.

Hii haimaanishi kwamba Wapokomo waliishi bila kutozwa. Waorma, wafugaji wenye nguvu, walidai vyakula kwa muda mrefu. Wafanyabiashara wa Lamu walipanda mto kwa madau kununua mpunga. Na karne ya 19 ilipofika katikati, dola mpya ilijitokeza jirani kabisa, nayo ikabadilisha hata mkondo wa maji.

Dola hiyo ni Witu. Mtawala wake, Ahmed wa ukoo wa Nabahani waliotoka Pate, aliyejulikana kama Simba, alijenga mji msituni mbali na mizinga ya Sultani wa Zanzibar. Watu waliomkimbia bwana, deni au serikali walipata hifadhi kwake. Kati ya Tana na mto mdogo wa Ozi ulichimbwa mfereji, Belezoni, ili mitumbwi ya mpunga isilazimike kutokea baharini bali ipite moja kwa moja hadi Kau na Kipini. Maji yalipoonja njia hiyo hayakutaka nyingine. Mfereji ukapanuka, na Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, ukahamia mdomo wa Ozi. Mpaka leo maji yake mengi hutokea Kipini.

Mfereji ni lango, na lango ni ushuru. Hapa ndipo mpunga wa watu wa Ngao ulipoanza kujaza mifuko iliyokuwa mbali na Ngao.

Zanzibar ilikuwa na utaratibu wake wa zamani. Forodha haikusimamiwa na serikali, ilikodishwa. Mfanyabiashara alilipa kiasi cha fedha kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha akakusanya ushuru bandarini na faida ikawa yake. Nyumba ya Jairam Shivji ilishika kazi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1876 kazi ikachukuliwa na Taria Topan. Mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa mwaka 1833 ulikuwa umeweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zilizoingia. Mfuko wa Sultani na mfuko wa nchi ulikuwa mmoja. Hapakuwa na mtu wa kuuliza fedha ya forodha imekwenda wapi, kwa sababu jibu lilijulikana: ni ya Sultani.

Mwaka 1885 Wajerumani wawili, ndugu Clemens na Gustav Denhardt, walipata ardhi kwa Simba wa Witu, na mwezi Mei wa mwaka huo Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya nchi hiyo. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani waliketi wakakubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar abakie na ukanda wa maili 10 kutoka bahari, toka ghuba ya Tunghi kusini hadi Kipini. Yaani mpaka wa kaskazini wa ukanda huo uliwekwa kwenye mdomo uleule mto ulikohamia. Mkulima wa Ngao aliyepakia gunia zake mtumbwini alikuwa anateremka kuelekea mahali ambapo Zanzibar, Witu, Berlin na London zote zilidai sehemu ya kile alichobeba.

Mwaka huohuo wa 1886, mwezi Mei, Wamasai walivamia kituo cha Wamethodisti cha Golbanti, jirani na Ngao, wakamwua mmisionari John Houghton na mkewe Annie pamoja na waumini. Mwaka 1887 akaja Ferdinand Würtz wa misheni ya Neukirchen ya Ujerumani, akaanzisha kituo Ngao. Huyu alikusanya mali ya aina nyingine. Aliketi na wenyeji akaandika maneno ya Kipokomo moja baada ya jingine, na mwaka 1895 kamusi yake ikachapishwa Ujerumani. Namheshimu kwa kazi hiyo, kwa kuwa lugha iliyoandikwa imebaki kwa wenyewe na bado inasomwa. Si kila mgeni aliyekusanya kitu Tana aliacha nakala.

Ugomvi wa ushuru ukapamba moto. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme Septemba 1888, na kampuni ya Wajerumani wa Witu ziligombea nani akodishiwe forodha ya Lamu. Wakashindwa kuelewana hadi wakamwita mwamuzi kutoka Ulaya, Baron Lambermont wa Ubelgiji, naye akatoa hukumu Agosti 1889. Haikutosha. Mwaka huohuo ukazuka ugomvi wa pili kuhusu ushuru uliotozwa kwa jina la Sultani wa Witu kwenye mfereji wa Belezoni. Vitabu vya mabwana wa makampuni vimejaa barua na madai kuhusu mfereji huo, kurasa kwa kurasa. Watu waliokuwa wakipita pale na mitumbwi yao, wenye mpunga, hawamo kwenye barua hizo.

Mambo yaliyofuata yalikwenda mbio. Mkataba wa Julai 1890 uliipa Uingereza Witu. Septemba, Mjerumani Küntzel na wenzake waliuawa Witu. Oktoba, Admirali Fremantle wa Uingereza alipanda na askari akauchoma mji. Kampuni ya Uingereza ikajaribu kuitawala nchi hiyo, ikashindwa na gharama, ikajitoa mwaka 1893. Mwaka 1891, kule Zanzibar, mwakilishi wa Uingereza Gerald Portal alikuwa ametenga mfuko wa Sultani na mfuko wa serikali kwa mara ya kwanza. Sultani akapewa posho. Hesabu za nchi zikashikwa na maofisa wa Kiingereza. Kwa mwenye kupenda hesabu safi ilikuwa hatua. Lakini kwa kitendo kilekile Sultani aligeuka mpokea mshahara ndani ya nyumba yake.

Kisha likaja jambo ambalo sijui kwa nini halisemwi zaidi mashuleni. Ujerumani, ilipouchukua kabisa mwambao wa Tanganyika, ilimlipa Sultani fidia ya paundi 200,000. Mwaka 1895 kampuni ya Uingereza ilipofilisika na serikali ya London ikaamua kuitwaa nchi, wenye hisa walilipwa paundi 250,000. Kati ya hizo, 200,000 zilikuwa ni fedha ya Sultani, ileile ya Wajerumani. Uingereza yenyewe ilitoa 50,000. Baadaye Zanzibar ikawa inapokea paundi 17,000 kwa mwaka, 11,000 zikiwa kodi ya ukanda wa Pwani na 6,000 riba ya fedha yake. Kwa ufupi, nchi inayoitwa leo Kenya ilinunuliwa kutoka kwa kampuni kwa fedha ya Zanzibar, kisha wenyeji wake wakatozwa kodi ili ijiendeshe.

Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa rupia. Hilo ndilo lililouma. Kampuni ilikuwa imekwisha kupiga sarafu zake za Mombasa tangu 1888, pesa za shaba zenye mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu, na rupia ilijulikana Pwani yote. Lakini kijijini Tana, mtu mwenye dari iliyojaa mpunga alihesabiwa kuwa ni mtu mwenye shibe. Mbele ya karani wa kodi alikuwa hana kitu mpaka aubadilishe mpunga kuwa fedha, kwa bei aliyoipanga mnunuzi, au aende kibarua. Ghala lake halikuguswa na mtu, na papo hapo lilikuwa limekwisha kuvunjwa thamani.

Na ghala la juu, lile la wazee, likavunjwa kwa mkono. Ngadji ilichukuliwa mwaka 1902. Mwaka 1908 ikakabidhiwa jumba la makumbusho la Uingereza mjini London, British Museum, ikaandikishwa, ikapelekwa stoo. Huko ndiko iliko hadi leo, zaidi ya karne moja, nayo haijapata kuwekwa mbele ya watazamaji. Fikiri: kitu kilichokuwa kikifichwa na wazee kwa sababu kilikuwa kitakatifu, kimefichwa na makarani kwa sababu vitu ni vingi.

Inasemwa mara kwa mara kwamba wakoloni hawakujua walichokichukua. Sikubali. Ofisa anayekuja kuweka utawala kati ya watu hutafuta kwanza mahali mamlaka yalipo. Henry alilijua hilo Winchester miaka 800 kabla. Ukitaka wazee wasisikilizwe, ondoa kile ambacho watu hukijia kwa wazee.

Mwaka 1963 unahitaji kusomwa taratibu. Oktoba, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar walikubaliana ukanda wa Pwani uwe sehemu ya Kenya. Kamati ya watu 5, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilikuwa imetafuta muziki wa wimbo wa taifa, na ikauchukua kutoka bembelezi ya Wapokomo, wimbo wa mama na mtoto wa Tana. Usiku wa kuamkia Desemba 12 bendera ilipandishwa kwa sauti iliyotoka mtoni. Na mwaka huohuo, kule London, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya British Museum ambayo inawakataza wadhamini wake kutoa vitu vilivyomo, isipokuwa kwa sababu chache sana. Tana ilitoa sauti ya taifa jipya. Mlango wa stoo yenye ngoma yake ukafungwa kwa sheria.

Hazina ya Nairobi ikachukua nafasi ya ile ya kikoloni, James Gichuru akiwa waziri wa kwanza wa fedha wa nchi huru. Mto nao ukaingizwa katika hesabu za taifa. Bwawa la Kindaruma lilikamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mabwawa haya yamewasha taa za Kenya kwa miaka mingi, na sina ugomvi na taa. Ila maji yaliyozuiliwa juu hayafiki chini kama zamani, na tope lililokuwa akiba ya mkulima wa Ngao hubaki Masinga. Serikali ilijaribu kurudisha kitu kwa mradi mkubwa wa mpunga wa delta chini ya TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakabomoa matuta na mifereji. Mto uliokuwa umezoeleka kuja mara mbili kwa mwaka kwa kiasi ulikuja mara moja, bila kiasi.

Katiba ya 2010 ilijaribu kurekebisha mgawanyo. Inataka kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na inaweka Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato kila mwaka kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahauliwa. Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza zilizotajwa. Tangu 2013 kaunti ina hazina yake Hola, na fedha ya dawa, ya barabara ya vumbi, ya shule za chekechea, hupita huko. Ni jambo kubwa kuliko linavyosifiwa. Kwa mara ya kwanza tangu enzi ya wazee, mtu wa Ngao anaweza kumwona kwa macho mtu aliyeshika mfuko, akamtaja kwa jina, akaenda kwenye kikao cha bajeti akamwuliza. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inadai wananchi washirikishwe. Wanaokwenda ni wachache, na vikao huitishwa kwa haraka. Hapo tuna kazi.

Lakini hesabu ya Tana haijafungwa maadamu ngadji iko London. Watu wa ukoo wa kifalme wa Wapokomo wamekwenda huko wakaonyeshwa ngoma, wakaitambua, wakarudi mikono mitupu. Wako waliorudishiwa vyao. Mwaka 2019 Kenya ilipokea vigango 30 vya Wamijikenda, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, kutoka jumba la makumbusho la Denver, Marekani. Mwaka 2024 dhahabu ya Waasante ilifika Kumasi, Ghana, kutoka London, ila kwa mkopo; kwa vitu vya British Museum, sababu ni sheria ileile ya 1963. Mkopo wa ngadji hautoshi. Aliyenyang'anywa haazimwi.

Wizara inayosimamia utamaduni, Makumbusho ya Taifa na serikali ya kaunti kule Hola zina wajibu wa kudai kwa pamoja, kwa maandishi, na kutenga fungu la fedha la kuifuatilia kesi hii mpaka mwisho. Wabunge wa Pwani waiulize bungeni, ijibiwe na iandikwe. Na wewe msomaji, hasa uliye na babu au bibi Ngao, Golbanti, Tarasaa au Oda aliyesikia habari za ngoma hiyo kwa waliomtangulia, kaa naye mwezi huu uandike anayoyajua. Ngadji ikirudi, itahitaji watu wanaojua ilitunzwaje.